Kinywa cha Kujifunzia

Daktari Onesmo alinitambua kwa meno. Sura yangu haikumwambia kitu. Aliniamkia kama anavyomwamkia bibi yeyote wa hapa Makambako, akanilaza kwenye kiti, akaniambia nifungue mdomo nimwonyeshe gego linalonisumbua. Akaingiza kioo chake kidogo, akachungulia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bibi," akasema, "hiki kinywa nakijua."

Nikacheka na kioo kikiwa bado mdomoni. Niseme ukweli, nilifurahi. Miaka sita nilikuwa nasikia tu kwamba kuna vijana wengi wamejifunza udaktari wa meno kwangu, lakini huyu alikuwa wa kwanza kukutana naye akiwa daktari kamili, koti jeupe, jina mlangoni.

"Wewe ndiye Nakala ya Tano," akasema. "Hili gego nimelichimba mara arobaini na mbili. Najua ulimi wako unakokwenda kabla hujaupeleka."

"Basi wewe ni mmoja wa wajukuu wangu," nikamwambia, "na hujawahi kuniletea hata kilo ya sukari."

Kwa asiyejua, nakala ni kinywa cha mtu kilichochukuliwa kizimakizima. Changu kilichukuliwa chuoni Njombe, kwa siku arobaini, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu, Gaitani. Walinibandika vitambuzi vidogo kama punje za ulezi kwenye taya, mashavu na kope. Wanafunzi wakaja mmoja mmoja kunitibu meno yangu mabovu, na mashine ikaandika kila kitu: ulimi unavyosukuma, mate yanavyojaa, shavu linavyokaza, pumzi inavyokatika. Kisha yote yakatiwa kwenye vichwa vya mpira. Mwanafunzi akikaa mbele ya kichwa kile, amekaa mbele ya Yusta Nyagawa. Mkononi nilipewa kipira laini. Ukiumia, bibi, kibane, walisema. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya maumivu, na mashine iliiamini kuliko alama nyingine yoyote.

"Siku arobaini hukukibana hata mara moja," Onesmo akasema, akitikisa kichwa kwa mshangao. "Mwalimu alikuwa anatutania: ukiona Nakala ya Tano imebana kipira, ujue umetokea kisogoni."

Aliniambia gego langu linaweza kusubiri wiki mbili. Nikashuka, nikampisha niliyemleta.

Niliyemleta ni Tasiana, jirani yangu. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa michongoma. Kiharusi cha kwanza kilimchukua upande wa kulia na ulimi, cha pili kikamalizia mkono wa kushoto. Hasemi, hanyooshi kidole. Binti yake yuko Mbeya. Ndiye aliyeweka sahihi kwenye fomu kwamba mama atibiwe magego manne yaliyooza, moja siku ile na matatu siku ya Alhamisi. Mimi kazi yangu ilikuwa kusukuma kiti cha magurudumu.

Mashine ya ganzi ilishuka kutoka darini, na jicho lake moja likamtazama Tasiana usoni. Siku hizi daktari hakisii. Mashine inasoma uso wa mgonjwa, inaulinganisha na nyuso ilizofundishwa, inatoa ganzi kwa kiasi inachoona kinatosha. Ilitoa kidogo. Onesmo akaanza kuchimba, taratibu, mkono wake ni mwepesi kweli, sitamsingizia.

Machozi yakaanza kumtoka Tasiana. Si machozi ya kusukumwa na kwikwi. Yalitiririka tu hadi masikioni.

"Daktari, analia," nikasema.

"Hapana, bibi, hayo ni maji tu ya macho." Wala hakukasirika, alinieleza kwa upole kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Mdomo ukikaa wazi muda mrefu, macho hutoa maji. Ni kawaida. Tulijifunza kwako. Wewe ulitoa maji siku zote arobaini, na ulikuwa huumii."

Nilishika nguzo ya kiti. Yeye akaendelea kuchimba, na ile mashine juu yake ikawasha taa yake ya kijani, maana yake mgonjwa yuko sawa.

Ningeweza kusema palepale. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nilichofanya ni kutoa leso, nikamfuta Tasiana masikio, nikasema, "Pole mwaya, anamaliza." Nilirudi nyumbani nikijichukia.

*

Nilifanya kazi ya ukarani wa mizani miaka thelathini na moja, pale barabara kuu. Malori yote yaliyokwenda Tunduma na yaliyotoka huko yalipita mbele yangu. Dereva akija na maneno matamu, mama karani, leo nimebeba mahindi tu, mimi naangalia matairi. Mzigo uliofichwa unaonekana kwenye matairi. Nimewarudisha wanaume wazima wakilia. Kisha barabara yenyewe ikaanza kupima, na malori yakaanza kwenda bila dereva, na lori lisilo na dereva halili ugali wala halinunui chai. Mama lishe wakafunga mabanda. Nyumba za wageni zikafunga. Ukisimama leo pale stendi mchana kweupe unasikia upepo na magurudumu, basi.

Gaitani alikufa katikati ya hayo. Mungu hakutupa watoto.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Niliumia. Siku zile arobaini niliumia sana, si siku zote, lakini nyingi. Vijana walikuwa ndio kwanza wanajifunza. Ganzi waliipiga pembeni, mikono ilitetemeka. Kila mmoja aliniuliza, "Bibi, unaumia?" Na kila mmoja nilimjibu, "Endelea tu, mwanangu."

Mtu atasema ni malezi. Ni kweli. Kwetu ukiulizwa habari, unasema nzuri, hata kama umetoka makaburini. Mtu mzima hajilizi mbele ya watoto. Nusu ya watu wa mji huu wangelazwa kwenye kile kiti, wangejibu kama mimi. Hilo waliotuletea mashine hawakulijua, na sisi tuliolijua hatukuulizwa.

Lakini malezi ni nusu ya mzigo tu. Nusu nyingine ni hii: tangu Gaitani afariki hapakuwa na mkono uliogusa uso wangu. Mwaka mzima. Halafu wanakuja watoto wa watu, wana glavu lakini mikono yao ni ya moto, mmoja anakushika kidevu, mwingine anakuambia geuka huku bibi, taratibu. Niliogopa kwamba nikibana kile kipira wataniona mkorofi, watatafuta kinywa kingine. Kwa hiyo nikakiacha kilale kiganjani. Mimi, Yusta wa mizani, nikadanganya mizani.

Na malipo yake niliyapata. Dokta Evelina Mgaya, mwalimu wao, aliweka utaratibu, baada ya kina Onesmo kumaliza masomo, kwamba mwanafunzi haruhusiwi kufungua mdomo wa nakala kabla ya kumwamkia mwenye kinywa. Basi kila asubuhi saa moja kioo cha salamu ukutani kwangu kinaanza kuita, sauti tu, bila sura. Shikamoo bibi, ni Sekela. Shikamoo bibi, ni Baraza. Shikamoo bibi, leo tunaziba, utuombee. Ishirini na wanane. Naketi na chai yangu na kumjibu kila mmoja kwa jina. Likizo ya chuo ndiyo huwa inanimaliza. Kuna Desemba moja nilizungumza na redio.

Nikisema ukweli, nakala itafutwa. Nakala ikifutwa, ukuta utanyamaza. Na nisiposema, Alhamisi Tasiana atachimbwa magego matatu.

*

Jumanne nilipanda gari la kwenda Njombe. Dokta Evelina alinipokea kwa mikono miwili, akanimiminia chai yeye mwenyewe, akaniuliza hali ya miguu. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, anakusikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote, isipokuwa ile nusu ya pili. Hiyo niliona aibu.

Dokta aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Bi Yusta, yaliyopita si ndwele."

"Haya hayajapita, Dokta. Jana yalikuwa yanachimbwa mdomoni kwa Tasiana."

"Hebu niambie unataka nini."

"Rekebisheni. Wekeni maumivu pale palipokuwa na maumivu."

Akanionyesha kwa nini haiwezekani. Aliwasha mchoro wa nakala yangu juu ya meza, uso wangu wote, nyuzi nyuzi za mwanga. Alisema mashine haikuhifadhi siku arobaini kama kitabu chenye kurasa, useme utafungua ukurasa wa kumi usahihishe. Ilizikanda zote pamoja, kama unga na maji. Machozi yangu na kipira kisichobanwa vimekuwa kitu kimoja. Huwezi kuchota maji ukauacha unga. Kilichobaki ni ama kuitumia ama kuifuta.

"Na mashine za ganzi?" nikauliza.

"Zimefundishwa na nakala hiyohiyo. Ziko kwenye kliniki kumi na tisa."

Nikanywa chai yangu. Haikuwa na ladha.

"Sasa nisikilize na mimi," akasema. "Kabla yako unajua wanafunzi walijifunzia wapi? Kwenye foleni. Mimi nilijifunzia kwenye foleni. Tulikuwa tunachukua wale waliotoka mbali, waliokosa pa kwenda. Hatukuwauliza. Tuliwazunguka wanafunzi saba, tukazungumza juu ya vichwa vyao kama hawapo. Kuna mama mmoja wa Ludewa nilimng'oa jino zima, nikaliacha bovu. Alinishukuru. Mpaka leo namwona." Akainamisha macho. "Nikifuta kinywa chako, wale ishirini na wanane wana mtihani wiki tatu zijazo. Nitawapeleka wapi? Kwenye foleni."

Nilikuwa nimekuja nikidhani kwamba ukweli ukisemwa unatibu. Kumbe na wenyewe una mtu wa kumuumiza.

"Nitafanya hivi," Dokta Evelina akasema, na sauti yake ikawa laini. "Nitampigia Onesmo sasa hivi. Alhamisi aizime mashine, ampe jirani yako ganzi kwa mkono, ya kutosha. Hutakuwa na deni naye. Wanafunzi wafanye mtihani wao. Nakala mpya tutaitafuta polepole, mwaka kesho, mwaka kesho kutwa. Na wewe uendelee kuwa bibi yetu."

Nilikaribia kukubali. Nisijifanye malaika. Nilishaanza kusema asante. Tasiana amepona, ukuta wangu unaita saa moja asubuhi, nani ameumia? Nikaona picha ya watu nisiowajua, mmoja kila kliniki, mdomo wazi, maji yanaingia masikioni, na taa ya kijani inawaka juu yao. Hao hawana jirani aliyewahi kuwa Nakala ya Tano.

"Dokta, nipeleke darasani," nikasema.

"Bi Yusta, ukishasema huwezi kurudisha."

"Najua. Nipeleke kabla sijatamani tena."

*

Walikuwa kazini. Vichwa ishirini na vinane vya mpira, vyote midomo wazi, na kila kimoja kinapumua kwa pumzi yangu. Sikuwahi kuviona. Sikupenda. Wanafunzi walipogeuka na kuniona mlangoni walisimama wote, na darasa zima likasema shikamoo bibi kwa pamoja, na nilitamani ardhi inimeze.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Niliwaambia. Niliwaambia nimesimama, maana nilijua nikiketi nitaanza kupunguza maneno. Niliwaambia kile kipira sikukibana kwa sababu nilidanganya, siyo kwa sababu sikuumia. Kwamba mashavu yakikaza vile, ni maumivu. Kwamba pumzi ikikatika vile, ni maumivu. Kwamba yale si maji ya macho. Nilikuwa nalia, nikasema, na mtu anayelia mbele yenu analia.

Vile vichwa viliendelea kupumua.

Sekela Mwaipopo ndiye aliyesimama. Nilimjua mara moja kwa sauti, maana salamu yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kila siku. Nilidhani ni mtoto mdogo mdogo. Kumbe ni msichana mkubwa, mabega mapana, uso wa mtu anayefanya kazi.

"Bibi, mimi nimefanya mazoezi miaka miwili," akasema. "Nimejifunza kutokuogopa kwa sababu yako. Nilikuwa nauliza kila mara. Unaumia? Na kichwa kinasema kwa sauti yako, endelea tu, mwanangu. Nikaendelea. Wiki iliyopita nilimtibu mtoto wa dada yangu, alilia, nikamwambia halii." Akaweka mkono juu ya kichwa kilichokuwa mbele yake. "Kwa nini ulituambia tuendelee?"

Ningeweza kumpa ile nusu ya malezi. Ilikuwa tayari ulimini na ina heshima zake.

"Kwa sababu mkimaliza mlikuwa mnaondoka," nikamwambia. "Nilikuwa peke yangu, Sekela. Niliona heri niumie mkiwepo."

Alinitazama muda mrefu. Nilitarajia aje, au aseme pole. Alivua glavu zake, moja, ya pili, akaziweka juu ya meza, akatoka nje. Wengine wakafuata, wengine wakabaki wameinamisha vichwa. Kijana mmoja nyuma alikuwa analia waziwazi, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya mtihani.

Dokta Evelina alikwenda ukutani, akabonyeza. Vichwa vyote vikaacha kupumua, vikafunga midomo kwa mara moja. Nilijishika shavu bila kutaka.

*

Jumatano saa moja asubuhi niliketi mbele ya ukuta na chai. Saa mbili nilikuwa bado nimeketi, kioo hakijaita. Saa tatu nikaosha kikombe, nikaenda kumlisha Tasiana uji. Nilimsimulia kila kitu huku nampangusa kidevu. Nilimwomba msamaha kwa siku ile ya leso. Tasiana alinitazama tu. Sitasema macho yake yalinisamehe, kwa sababu nimeshachoka na watu wanaosoma macho ya wengine wanavyotaka.

Alhamisi tulifika kliniki mapema. Onesmo alikuwa ameshapata habari, chuo kilikuwa kimeandikia kliniki zote zizime mashine za ganzi mpaka itakapoelezwa vingine. Alikuwa hajanyoa. Alitupita mlangoni bila kuniamkia. Kwa kijana wa ukoo wa Kilasi, wa nyumba ninayoijua, hilo si jambo dogo, na lilinichoma ndani kuliko sindano.

Alimlaza Tasiana. Mashine ilikuwa imepandishwa darini, imefunikwa turubai. Akapiga ganzi kwa mkono, akasubiri. Akagusa ufizi kwa ncha ya chuma, akamtazama usoni, akasubiri. Jicho la Tasiana lilipoanza kujaa tu, aliweka chuma chini, akaongeza sindano, akavuta kigoda, akaketi. Tukasubiri watatu. Nje watu wa foleni walianza kunung'unika, muuguzi akachungulia mara mbili, akafukuzwa mara mbili. Gego moja lilichukua saa nzima. Alisema hayo mengine mawili yatakuja siku nyingine, moja moja, hata kama ni mwezi mzima.

Tasiana alikuwa amelala. Kinywa wazi, anakoroma kidogo, kama mtu aliyetoka shambani.

Nilidhani Onesmo atatuambia twende. Alibaki kwenye kigoda chake, anaangalia mikono yake.

"Nimewatibu watu mia nne hapa," akasema. "Tangu jana najaribu kukumbuka nyuso zao. Sizikumbuki. Nilikuwa naangalia taa."

Ningesema si kosa lako, lakini nilikuwa nimeapa kuacha kusema maneno ya kumfurahisha mtu kitini.

Mwishowe akageuka kwangu. Hakuniita bibi.

"Wewe siku zile," akasema. "Uliumia sana?"

Mdomo ulifunguka wenyewe kusema kidogo tu, mwanangu, yalishapita. Nikaufunga. Nikaanza upya.

"Sana," nikasema.

Hakusema pole. Alisogeza kigoda karibu, akachukua karatasi na kalamu, vitu nisivyoviona mkononi mwa daktari siku nyingi. "Wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, gego la juu kushoto, siku ya tatu, kijana mwenye mikono baridi. Akaandika, akauliza lilivyouma, kama ni kuchoma au kuvuta, na ni wakati gani niliumia nikanyamaza. Tukaendelea na la pili. Kufikia saa sita mchana Tasiana alikuwa bado amelala, na sisi tulikuwa tumefika siku ya kumi na moja.